Pleya Ikikuuliza, Nawe Iulize

Kuna wanaobonyeza "Ndiyo" ili kidirisha kiondoke, na kuna wanaobonyeza "Hapana" ili kidirisha kiondoke. Nimekaa na watu wengi mbele ya kompyuta zao nikiwawekea programu za muziki, na wanaosoma kilichoandikwa nawahesabu kwa vidole. Siwalaumu. Mtu ametoka kazini, ana flashi yenye nyimbo, anataka kusikia muziki, halafu pleya aliyoiweka dakika mbili zilizopita inamwomba ruhusa ya kutuma takwimu za matumizi bila kutaja jina, eti ili programu iboreshwe. Nani ana muda huo?

Makala hii ni ya dakika hiyo. Nazungumzia pleya huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza: VLC, Rhythmbox, Strawberry na ndugu zao wa kwenye simu. Nimezichagua kwa sababu kwa hizi jibu lako lina maana. Ukisema hapana, kuna watu wanaoweza kufungua msimbo na kuhakikisha kwamba hapana yako imesikika.

Wasiwasi wenyewe haukuzuka hewani. Novemba 1999, kule Marekani, ilibainika kwamba RealJukebox, pleya iliyokuwa ikivuma siku hizo, ilikuwa ikiipelekea kampuni yake, RealNetworks, habari ambazo hakuna aliyeziombea ruhusa: CD zinazosikilizwa, idadi ya nyimbo zilizohifadhiwa kwenye diski, aina ya muziki mtumiaji anaoupenda. Habari hizo zilikwenda pamoja na namba maalumu ya kila mtumiaji. Kampuni iliomba radhi na kutoa kiraka. Januari 2006 ikawa zamu ya Apple. iTunes 6.0.2 ilikuja na duka dogo chini ya orodha ya nyimbo. Ukibofya wimbo ulio wako mwenyewe, habari za wimbo huo zinakwenda Apple ili uletewe nyimbo za kununua zinazofanana nao. Watu walipiga kelele, na muda si mrefu ikaongezwa hatua ya kumuuliza mtumiaji kwanza. Programu zote mbili zilikuwa za msimbo uliofungwa. Ili kujua zinasema nini na wenyewe, ilibidi mtu atege sikio kwenye waya, kama jirani anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili.

Kwa upande wa programu huria, mfano ninaoupenda ni Banshee. Waliotumia Linux miaka ile wataikumbuka. Ilifanywa pleya ya kuanzia katika Ubuntu 11.04, Aprili 2011, kabla Rhythmbox haijarudishiwa nafasi yake mwaka uliofuata. Mwaka 2010 watengenezaji wake waliongeza kipengele cha kuripoti matumizi bila jina, wakakiacha kimezimwa. Aliyetaka kushiriki aliingia mwenyewe kwenye mapendeleo akatiki kisanduku. Msimbo wa kazi hiyo ulikaa sehemu yake peke yake, chini ya jina linaloeleweka, kwa hiyo aliyetaka kujua kinachokusanywa hakuhitaji kutega waya wowote. Alifungua faili akasoma.

Walikuwa na sababu nzuri ya kutaka takwimu hizo. Anayetengeneza pleya huria ni kama mpishi anayepikia ukumbi asiouona. Sahani zinatoka, na wanaokuja mlangoni mwa jikoni ni wale tu waliokuta unywele. Hajui kama watu wengi wana nyimbo mia tatu au elfu thelathini, na hilo peke yake linaamua kama utafutaji wa ndani ya maktaba ni mwepesi au unakera. Hajui kama bado kuna anayetumia kompyuta ya biti 32, au kama kile kisawazisha sauti alichokihangaikia miezi miwili kimewahi kufunguliwa na mtu mwingine zaidi yake. Akikosa takwimu, huwasikiliza wenye sauti kubwa. Na wenye sauti kubwa kwa kawaida wana mashine mpya, intaneti isiyokatika na Kiingereza cha kuandikia malalamiko.

Debian, mfumo ambao Ubuntu imezaliwa kutokana nao, wana utaratibu wa zamani wa kuhesabu programu zilizowekwa kwenye mashine za watu wanaokubali. Swali huulizwa wakati wa kusimika mfumo, na jibu lililotangulizwa ni hapana. Hesabu hizo zimetumika kuamua programu zipi ziingie kwenye diski ya kwanza na zipi zisukumwe diski za nyuma. Ukiwa mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha na mfumo unausimika kwa diski aliyokuazima rafiki, mambo ya diski ya kwanza na ya sita yanakuhusu sana. Programu wanayoitumia watu wasiohesabiwa huishia nyuma.

Sasa tujiangalie sisi. Miongoni mwa vitu ambavyo ripoti nyingi za namna hii hubeba ni lugha ya kompyuta. Kila anayeweka mashine yake kwa Kiswahili na kukubali kuhesabiwa huacha alama ndogo mahali fulani kwamba lugha hii ina watumiaji. Anayekataa, kwa upande wa hesabu, hayupo. Nimewahi kuitumia hoja hii kumshawishi rafiki anayetafsiri programu kwa Kiswahili atiki kila kisanduku anachokutana nacho. Leo nisingemshauri hivyo, na sababu iko ndani ya ripoti yenyewe. Hebu tuiangalie. Hii nimeitunga, ila vipengele vyake ni vya kawaida:

toleo: 1.2
mfumo: Windows 10
lugha: sw_TZ
kumbukumbu: GB 4
skrini: 1366 × 768
nyimbo kwenye maktaba: 1,846
muda wa kusikiliza wiki hii: saa 11

Hakuna jina, hakuna namba ya simu. Ukiisoma haraka utasema haina ubaya, na kama lugha ingekuwa Kiingereza cha Marekani ningekubaliana nawe: wenye Windows 10 na skrini ya namna hiyo, skrini ya laptopu za bei nafuu, ni umati. Lakini katika pleya ndogo, wenye sw_TZ huenda ni watatu. Ukiongeza GB 4 wanabaki wawili. Ukiongeza nyimbo 1,846, anabaki mmoja, na huyo mmoja ni wewe. Wiki ijayo utakuwa na nyimbo 1,851, na anayeangalia mfululizo wa ripoti atajua kwamba ni mtu yuleyule bila kukupa namba yoyote ya siri. Ripoti haikutaja jina, sawa. Ila imemweleza mtu mmoja kwa uhakika kiasi kwamba jina ndilo pekee lililobaki kujazwa.

Kwa hiyo walio wachache, ambao ndio wanaohitaji zaidi kuhesabiwa, ndio wanaotambulika upesi wakihesabiwa. Sijaona njia ya kulikwepa hili kabisa. Nimeona ya kulipunguza. Watengenezaji makini hawatumi namba kamili, hutuma fungu. Badala ya 1,846 wanaandika "kati ya 1,000 na 5,000". Badala ya saa 11 wanaandika "zaidi ya saa 5". Mwokaji wa mikate hahitaji kujua ulikula vipande vingapi. Anahitaji kujua aoke mikate mingapi. Ukipata nafasi ya kuona ripoti kabla haijatumwa, angalia hilo kwanza: je, namba ni za mafungu au ni kamili hadi tarakimu ya mwisho?

Tena ripoti husafiri ndani ya bahasha, na bahasha ya intaneti haifiki bila anwani ya mtumaji. Hiyo ndiyo anwani ya IP. Seva inayopokea inaiona, itake isitake; kinachotofautiana ni kama inaihifadhi. Ukiwa unatumia bando la simu, mara nyingi anwani hiyo mnashirikiana na wateja wengine wengi wa mtandao wako, kwa hiyo haisemi mengi. Ukiwa na faiba ya nyumbani, inaweza kuwa yenu peke yenu. Taarifa nzuri ya faragha hueleza wazi kwamba anwani za IP hazihifadhiwi, au hufutwa baada ya muda unaotajwa. Ikikaa kimya kuhusu hilo, chukulia kwamba zinahifadhiwa.

Majina ya nyimbo ni habari nyingine kabisa. Hapa sina "lakini".

Mwaka 2006 Netflix ilitoa hadharani zaidi ya alama milioni 100 ambazo wateja wake wapatao 480,000 walizipa filamu, majina yakiwa yameondolewa, na kuahidi dola milioni moja kwa atakayebuni njia bora ya kukisia watu watapenda nini. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba ukijua alama nane tu alizotoa mtu, hata mbili kati yake zikiwa za makosa, na tarehe zake zikipishana kwa wiki mbili, unaweza kuichomoa rekodi yake peke yake katika asilimia 99 ya rekodi zile. Waliwapata baadhi ya watu kwa kulinganisha na maoni ambayo watu hao walikuwa wameyaandika hadharani kuhusu filamu. Shindano la pili ambalo Netflix ilikuwa imelipanga lilifutwa mwaka 2010. Hizo zilikuwa filamu, kitu ambacho mtu huangalia mara moja akamaliza. Muziki tunaurudia kila siku.

Na maktaba zetu za muziki si za kutoka dukani. Fungua folda ya muziki ya mtu yeyote wa makamo pande hizi. Kuna rumba na taarabu, sawa, lakini pia kuna "Kwaya mazoezi Alhamisi", kuna "Maulidi kwa Bibi 2016", kuna rekodi ya harusi yenye majina kamili ya bwana na bibi harusi, kuna mawaidha ya kufiwa aliyotumiwa wiki ya msiba akayahifadhi. Nyimbo alizojaziwa kibandani zina jina la kibanda au la didijei limeandikwa ndani ya faili, pengine na namba yake ya simu, mahali palipostahili jina la albamu. Orodha kama hiyo ikitoka nje ya mashine, imetaja dini ya mtu, ukoo wake, mtaa wake, na wiki aliyolia. Hakuna haja ya kuandika jina la mwenyewe juu yake.

Msimamo wangu basi ni huu: pleya ikiomba kutuma hesabu, nafikiria. Ikiomba kutuma majina ya nyimbo, wasanii au faili, nakataa, na maneno "bila jina" hayabadilishi kitu. Mtengenezaji anayetaka kujua kama utafutaji wake ni wa haraka hana kazi na jina la bibi harusi.

Ila usidhani ukikataa ripoti ndiyo umefunga mlango. Ajabu ya mambo haya ni kwamba kile unachoulizwa mara nyingi ni kidogo kuliko kile usichoulizwa. Pleya inapokuletea picha ya jalada la albamu, imeitoa wapi? Imeuliza seva fulani: una picha ya msanii huyu, albamu hii? Hapo jina limekwenda. Maneno ya wimbo yakitokea yenyewe kwenye skrini, jina limekwenda tena, safari hii pamoja na la wimbo. Pleya inayoangalia kama kuna toleo jipya huonyesha toleo ulilonalo na anwani yako ya IP. Hakuna kati ya hizi inayoitwa "ripoti", na waliozitengeneza hawana nia mbaya. Lakini wimbo mmoja mmoja, kwa miezi, unajenga orodha ileile uliyokataa kuitoa.

VLC ni mfano mzuri wa kulitazama hili kwa karibu, na ndiyo pleya ambayo wasomaji wengi wanayo. Wenyewe, shirika la VideoLAN la Ufaransa, wanasema hawakusanyi data binafsi, hata iliyoondolewa majina. Lakini ukiifungua mara ya kwanza kwenye kompyuta, inakuonyesha kidirisha kinachoomba kuruhusiwa kutafuta habari za nyimbo mtandaoni. Hicho ndicho kidirisha ambacho watu hukibonyeza kiondoke. Kama ulishakibonyeza siku nyingi, hujachelewa. Ifungue VLC, bonyeza Ctrl na P kwa pamoja, baki kwenye ukurasa wa kwanza wa kiolesura, kisha shuka hadi sehemu inayohusu faragha na mtandao. Utakuta kisanduku cha kuruhusu habari za nyimbo zitafutwe mtandaoni. Kitoe tiki kama hujali picha za majalada. Utakuta pia cha kukujulisha matoleo mapya. Hicho ningekuomba ukiache, kwa sababu pleya ya zamani yenye tundu la usalama ni hatari kubwa kuliko seva moja kujua una toleo gani. Na katika sehemu hiyohiyo kuna kisanduku cha tatu, cha kuhifadhi orodha ya vilivyochezeshwa karibuni. Orodha hiyo haiendi mtandaoni. Inabaki hapo hapo, ikimsubiri shemeji anayeazima laptopu. Kwa familia nyingi ninazozijua, huyo shemeji ni tishio la karibu zaidi kuliko seva yoyote ya Ulaya.

Kuna watu wanaotuma majina ya nyimbo kwa hiari na kwa furaha. Last.fm ya London ilijengwa juu ya jambo hilo: pleya inaandika kila wimbo unaousikiliza, nawe unapata takwimu zako na mapendekezo. Mwaka 2007 kampuni ya CBS iliinunua kwa dola milioni 280, na wala haikuwa siri kwamba thamani yake kubwa ilikuwa katika kumbukumbu za usikilizaji wa watu. Upande wa huria kuna ListenBrainz, ambayo inasema waziwazi kwamba usikilizaji wako utakuwa hadharani kwa wote. Strawberry inaweza kuunganishwa na zote mbili. Sina ugomvi nazo. Anayejiandikisha anajua alichokifanya, tena kwa jina alilolichagua mwenyewe. Ninachoomba ni usichanganye swichi hiyo na ile ya takwimu, kwani kwenye mipangilio ya baadhi ya pleya zimekaa jirani.

Ripoti za hitilafu nazo zina mtego wake. Programu ikifa ghafla, inakuuliza kama itume maelezo ya kilichotokea. Ndani ya maelezo hayo mara nyingi kuna njia ya faili iliyokuwa ikichezeshwa, na njia ya faili kwenye Windows huanza na folda ya mtumiaji, ambayo watu wengi wameipa jina lao kamili. Unaweza kuwa umetuma jina lako, jina la wimbo na saa uliyoucheza, vyote katika ripoti ya nia njema. Hata hivyo ripoti za hitilafu ndizo zenye faida kubwa kuliko zote kwa mtengenezaji, kwa hiyo sishauri kuzizima. Nashauri uzipitie kabla ya kutuma. Programu nzuri ina kitufe cha kuona yaliyomo. Tafuta jina lako humo. Ukilikuta, usitume hiyo.

Swali la mwisho ambalo watu hulisahau ni nani anapokea. Audacity si pleya, ni programu ya kurekodi na kuhariri sauti, lakini wanaoandaa vipindi vya redio na podikasti wanaijua vizuri. Masika ya 2021 ilichukuliwa na Muse Group. Mwezi Mei waliipendekezea kipengele cha kuripoti matumizi, takwimu zikipitia Google na Yandex ya Urusi. Pendekezo lilisema ni la hiari na limezimwa mpaka mtumiaji akubali, sawasawa na Banshee. Likawaka moto. Wengi hawakuwa na shida na kuhesabiwa. Waliyemkataa ni mhesabuji. Mpango ule ulifutwa mwezi huohuo. Julai ikatoka taarifa ya faragha iliyotaja vyombo vya dola na kuwakataza wenye umri chini ya miaka 13 kuitumia, jambo ambalo haliendani na leseni ya programu huria, na kelele zikaanza upya. Wakaomba radhi na kuiandika tena. Wengine walikuwa wameshachukua msimbo na kuanzisha matawi yao.

Somo ninalolichukua hapo kwa msomaji ni dogo na la vitendo. Takwimu zikienda kwenye seva ya mradi wenyewe, una upande mmoja wa kuuamini. Zikienda kwa kampuni ya matangazo au ya takwimu, una pande mbili, na ya pili inaona habari kutoka programu nyingine elfu moja. Kanuni za KDE, jumuiya inayotengeneza mazingira ya kompyuta za Linux pamoja na pleya kadhaa, zinakataza kumpa mtumiaji namba ya kumtambulisha, na tangu Plasma 5.18 ya Februari 2020 kuna kitelezi cha kuchagua utatoa kiasi gani, kikiwa sifuri kwa kuanzia. Hao naweza kuwapa. Syncthing, programu ya kuoanisha faili kati ya vifaa, hukuonyesha ripoti yenyewe kabla hujakubali, na ikibadilisha inachokusanya inarudi kukuuliza upya. Ningetamani kila pleya iige hilo la kurudi kuuliza. Ndiyo ya 2022 haikuwa ndiyo kwa kila kitakachoongezwa baadaye.

Unajuaje kwamba hapana yako imetiiwa? Kwa simu ya Android, njia rahisi haihitaji utaalamu. Nenda kwenye mipangilio, fungua programu, chagua pleya yako, angalia matumizi ya data. Pleya inayocheza nyimbo zilizomo ndani ya simu haina sababu ya kula bando. Ukikuta imekula, hata kidogo, kuna kitu inakwenda kukisema huko nje. Simu haitakuuliza kama unairuhusu programu kuingia mtandaoni, kwa kuwa Android hutoa ruhusa hiyo kimyakimya. Ruhusa za kamera na maikrofoni ndizo zinazoulizwa. Ukishusha programu kutoka F-Droid, ghala la programu huria, utaona orodha ya ruhusa kabla ya kusimika, pamoja na onyo kama programu inafuatilia watumiaji. Humo kuna pleya kama Auxio, ambayo imetengenezwa icheze nje ya mtandao kabisa. Pleya isiyo na ruhusa ya intaneti haiwezi kuripoti hata ikitaka, na huo ndio uhakika ninaoupenda kuliko ahadi yoyote. Kwa pleya uliyonayo tayari, programu ya NetGuard inaweza kuizuia isitoke mtandaoni bila kugusa simu nzima. Kwenye Linux, kama pleya imesimikwa kwa Flatpak, njia mojawapo ya kusimika programu, fungua programu ya Flatseal uzime swichi ya mtandao. Muziki utaendelea kulia kama kawaida.

Sheria nazo zipo. Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote zinalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, hata kama jina lake halikutajwa. Lakini mradi wa pleya wenye watu wanne wa kujitolea, kila mmoja nchi yake, hutaupeleka mahakamani kwa sababu ya ripoti ya nyimbo, na mimi nisingetaka uupeleke. Kwao, barua inatosha.

Na barua ndiyo ninayokuombea hasa. Kwenye mashine yangu nimekubali hesabu ya Debian na kitelezi cha KDE nimekisogeza hatua moja. Picha za majalada nimezizima, na pleya ya simuni haina ruhusa ya mtandao. Huenda wewe ukakataa vyote, na ni haki yako. Basi usiishie kukataa. Waandikie watengenezaji sentensi tatu: unatumia toleo gani, kwenye mashine gani, na kitu gani kinakusumbua. Ongeza ya nne, kwamba unaitumia kwa Kiswahili. Kiingereza chako kikiwa cha kuokoteza haidhuru, wameshazoea. Utakuwa umehesabiwa, kwa maneno uliyoyachagua mwenyewe.